Siga za Kuba hapa Arusha: sanduku linasoma 70 lakini jani linapasuka

Kisongo78

Wakuu habari za jioni. Nina maboksi mawili ya siga za Kuba, Montecristo No. 4 zipo 25 na Partagás Serie D No. 4 zipo 25. Chini ya boksi la kwanza muhuri unasoma ABR 22, la pili NOV 21. Nataka kuzilaza, yaani kuziacha zikomae, walau miaka mitano.

Nimezitoa kwenye maboksi yake nikazipanga ndani ya sanduku la mbao la siga, lile lenye kipimo cha unyevu cha mshale mbele na sponji ya kijani kwenye mfuniko. Sponji nailowesha kwa maji ya chupa ya kunywa. Mshale haujawahi kutoka kwenye 70. Lakini tangu Juni jani la nje ukilibonyeza linalia kama gazeti, na mbili zimepasuka kuanzia mguuni, ile ncha ya kuwashia. Sanduku liko juu ya kabati. Mchana chumba kinafika nyuzi 25, alfajiri 13.

Nauliza: tatizo ni kipimo, sanduku, au mwinuko wetu? Nihamie kwenye kontena la plastiki? Nilenge asilimia ngapi, maana wengine wanasema 65 wengine 70? Na kuna jamaa ananishauri niziweke kwenye friji ya jikoni. Mwenye utaalamu anisaidie.

DadaSakina

Kaka Kisongo, kabla hujanunua chochote, pima hicho kipimo. Vipimo vya mshale vinavyokuja na masanduku vinadanganya, tena havidanganyi kidogo: tofauti ya asilimia 10 hadi 15 ni kawaida. Siga inayolia ukiibonyeza haiko kwenye 70, hata mshale uape.

Kipimo cha chumvi hakigharimu kitu. Chukua kizibo cha soda, jaza chumvi ya mezani, dondoshea maji matone machache mpaka ilowe kama mchanga wa kujengea. Isiyeyuke, maji yasiogelee juu. Ukizidisha, mwaga yaliyozidi. Weka kizibo pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa zipu, visigusane, acha hewa kiasi ndani, funga. Mfuko ukae sehemu yenye joto lisilobadilika, siyo dirishani. Cha dijitali kisome baada ya saa 12, cha mshale mpe saa 24. Soma kupitia plastiki, usifungue. Chumvi ya kawaida iliyolowa hivyo inashikilia hewa kwenye asilimia 75, kwa hiyo kipimo kikisema 75 ni kizima. Kikisema 80, kinaongeza 5, toa hizo 5 kila unaposoma.

Mwinuko uuache. Arusha tuko kama mita 1,400 na watu wengi wanausingizia. Siga inafuata asilimia ya unyevu wa hewa inayoizunguka, basi. Kinachokuumiza ni huo mchezo wa 25 mchana na 13 alfajiri. Hewa ndani ya sanduku ikipata joto inatanuka na kutoka, usiku ikipoa inasinyaa na kuvuta hewa ya nje. Sanduku linapumua kila siku, na kiangazi linavuta hewa kavu. Mbao zinakunywa unyevu kwanza, siga zinapata makombo.

Sponji ya kijani itoe leo. Ikilowa maji matupu haina kikomo, inasukuma unyevu kuelekea 100, ndiyo maana siga iliyo chini yake inaota ukungu wakati ya pembeni inapasuka. Wanaochanganya maji na propilini glaikoli nusu kwa nusu wanapata karibu 70, ambayo kwa Kuba bado ni nyingi. Na maji ya kunywa yana madini yanayoziba vitundu vya sponji. Ya bomba ndiyo kabisa, mkoa wenyewe tunaujua kwa floraidi.

Tumia pakiti za Boveda, zile zinazoshikilia unyevu kwenye asilimia iliyoandikwa juu yake, za 65 au za 62. Hesabu ni pakiti moja ya gramu 60 kwa siga 25. Kwako ni mbili ndani ya plastiki, tatu ndani ya mbao kwa sababu mbao nazo zinakunywa. Pakiti ikiwa nzima ni laini kama ute. Ukisikia punje ngumu kila kona, imekwisha.

Kwa nini 65 na siyo 70? Kwenye 70 tumbaku ya ndani inavimba, njia ya moshi inabana, unavuta mpaka mashavu yanaingia ndani. Inaungua upande mmoja, inazimika, unaiwasha tena na tena, na kila ukiiwasha uchungu unaongezeka. Siga za Kuba kwenye 62 hadi 65 zinawaka vizuri zaidi na zinakomaa bila hofu ya ukungu.

Friji ya jikoni hapana. Inakausha hewa, na siga itanusa kitunguu mpaka siku unaiwasha.

MbaoUngaLtd

Niongezee upande wa sanduku, mbao ndiyo kazi yangu.

Mkuu, jaribu mfuniko kwa noti ya elfu moja. Ibanie kwenye ukingo, funga, halafu vuta taratibu. Ikitoka bila kukataa, hapo panavuja. Zunguka pande zote nne, maana mara nyingi mbele panashika na nyuma kwenye bawaba ndipo palipo wazi. Njia nyingine, weka simu ndani ikiwa imewashwa tochi, funga, zima taa za chumba. Mstari wa mwanga utakaouona ndio mlango wa unyevu wako. Na kipimo kikiwa kimetobolewa ukutani mwa sanduku, tundu lake ni mvujo mwingine. Lizibe kwa silikoni isiyo na harufu kwa nje, kisha liache wazi siku kadhaa kabla ya kurudisha siga.

Sanduku jipya, au lililokauka kama lako, lazima lilishwe kwanza. Wengi wanafuta ndani kwa kitambaa chenye maji. Usifanye hivyo, uso wa mbao unavimba, unapinda, mfuniko haufungi tena. Weka kisahani cha maji yasiyo na madini, au pakiti za Boveda za 84, funga wiki mbili bila siga. Maji ya betri yanafaa kwa kazi hiyo na yanapatikana kila duka la spea, ila soma lebo mara mbili. Asidi ya betri inauzwa kwenye chupa zinazofanana nayo.

Jambo la pili, na hili naliona sana kwa mafundi wenzangu. Mteja anasema "nataka ndani kuwe na mwerezi", fundi anachukua mwangati kwa sababu unanukia vizuri na upo huku kwetu. Ule ni mti mwingine kabisa, mafuta yake ni makali, na siga itakuwa na ladha ya penseli iliyochongwa. Kinachoitwa mwerezi wa Kihispania kwenye masanduku ya siga ni sedrela, Cedrela odorata, wa ukoo mmoja na mkangazi na mahogani. Mti huo upo nchini, ulipandwa zamani, na kule msitu wa Kimboza, Morogoro, umegeuka kero kwa kuvamia miti ya asili. Ukipata mbao zake, hakikisha zimekauka vizuri na hazitoi utomvu. Ukikosa, mkangazi usiopakwa rangi wala vanishi unatosha. Msonobari usiuguse.

Lakini nikwambie ukweli ambao fundi hatakiwi kuusema: kwa kulaza miaka mitano, kontena la plastiki lenye mpira na klipu nne linalishinda sanduku zuri. Sanduku ni la siga za mwezi huu, zile za kumkaribisha mgeni.

ShantyTown_Moshi

Mangi, ninyi wa Arusha mnalia kavu, sisi huku chini tunalia joto. Moshi Januari hadi Machi mchana unapita nyuzi 30, na hapo adui ni mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne. Ni wa kahawia iliyoiva, milimita 2 hadi 3, ukimgusa anajikunja na kujifanya amekufa. Mayai yanakuwa ndani ya jani tayari, hayaonekani kwa macho. Joto likikaa juu ya nyuzi 22 hadi 25 kwa muda, yanaanguliwa, funza anakula njia yake ndani, na unachokuja kuona ni tundu la duara safi kama la sindano nene, na unga wa kahawia chini ya boksi. Siga moja ikiwa na tundu, hesabu boksi zima lina wageni.

Habanos S.A., kampuni ya Kuba inayouza siga nje, wanagandisha siga kabla ya kuziuza tangu katikati ya miaka ya 2000, kwa hiyo maboksi yako ya 2021 na 2022 yalipita huko. Hiyo haikulindi na mdudu aliyeingia baadaye. Huyu hali tumbaku tu. Yuko kwenye pilipili kavu ya unga, tangawizi kavu, mchele na unga. Mwenye siga zake kwenye stoo moja na viungo vya pilau asishangae.

Kugandisha nyumbani:

Toa pakiti za unyevu. Boksi liingie mfuko wa zipu, bana hewa itoke, kisha mfuko wa pili juu yake. Saa 24 kwenye sehemu ya chini ya friji. Halafu friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, kwa saa 72. Friza ya nyumbani inayofunguliwa kila mara au umeme unaokatika, mpe siku tano. Rudisha sehemu ya chini ya friji saa 24. Kisha iweke mezani ikiwa bado imefungwa mpaka ifikie joto la chumba, siku nzima.

Wanaoharibu wanaruka zile saa 24 za friji, kabla na baada ya friza. Ukitoa siga kwenye friza moja kwa moja mezani, jani la nje linaweza kuchanika. Ukifungua mfuko bado wa baridi, umande unatua juu ya siga. Na siga zako hizi zilizokauka usizigandishe sasa, zitapasuka zote. Zirudishie unyevu kwanza.

Kwa joto, lengo ni nyuzi 16 hadi 20. Huku Moshi wenye uwezo wanatumia friji ndogo ya mvinyo ile isiyo na kompresa, wanaiweka 18. Ijue mipaka yake: inashusha joto kiasi tu chini ya lile la chumba, chumba kikiwa 33 itahangaika. Bila hiyo, tumia kuli boksi la lita 50 lenye kuta nene, lile la kubebea soda za shughuli, kizibo cha kutolea maji kikiwa kimefungwa. Liweke sakafuni, chumba cha katikati ya nyumba, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Wewe umeweka juu ya kabati chini ya bati. Hapo ndipo penye joto kuliko pote chumbani.

Mzee_Themi

Mengi yamesemwa vizuri, ila namtofautia Dada Sakina kidogo. Mimi nashika 69 na siga zangu zina maua, ule unga mweupe wa mafuta unaojitokeza juu ya jani. Ndiyo dalili ya siga iliyokomaa.

DadaSakina

Shikamoo Mzee. Hayo maua mengi ni ukungu uliovaa jina zuri, hasa kwenye 69. Chukua tochi na kioo cha kukuzia. Ukiona nyuzi nyuzi au vishada vilivyosimama, rangi ya kijivu au kijani, na kovu linabaki ukifuta, hakuna mjadala. Mimi ninachofanya ni kuuchukulia wote kuwa ukungu: futa kwa brashi laini kavu nje ya chumba, tenga siga hizo kwenye mfuko wake na pakiti ya 62, fungua mfuniko wa kontena siku moja. Ukungu ukiwa mguuni, yaani umeingia kwenye tumbaku ya ndani, tupa. Usivute ile.

Mzee_Themi

Marahaba binti. Nimetazama kwa kioo. Zina manyoya. Nashuka 65.

Kisongo78

Nimepima kwa chumvi saa 24. Mshale ulisimama 88! Noti ya elfu inatoka pembe mbili za nyuma bila shida. Nimenunua kontena la plastiki la lita 20 lenye mpira, kipima unyevu cha dijitali (chenyewe kimesoma 74 kwenye chumvi) na pakiti za Boveda, mbili za 62 na mbili za 65. Nianzie wapi? Na kuhusu muda wa kulaza, miaka mitano ni sawa kwa zote mbili?

DadaSakina

88 badala ya 75 maana yake kinaongeza 13. Ile 70 yako ilikuwa kama 57, na alfajiri labda chini zaidi. Ndiyo hiyo milio.

Kontena lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, suuza, liache wazi juani siku tatu. Likiwa bado linanusa plastiki, weka bakuli la beking soda ndani usiku mbili, lifunge, kisha toa ufute. Harufu utakayoisikia wewe leo, siga itaisikia miaka mitano.

Rudisha siga ndani ya maboksi yake ya asili. Usizipange wazi kontenani, Montecristo na Partagás zitaazimana harufu, na boksi lenyewe linasaidia kulainisha mabadiliko. Pakiti zikae nje ya maboksi, ndani ya kontena, maboksi yakiwa yamefunguliwa upenyo wa kidole. Anza na zile za 62 wiki tatu. Jani kavu ukilirusha ghafla kwenye 69 au 72, tumbaku ya mguuni inavimba upesi kuliko jani la nje linavyoweza kutanuka, na inafunguka kama bomba lililopigwa nyundo. Baada ya hapo weka za 65. Serie D ni nene, duara (kipimo cha unene wa siga) ya 50, karibu milimita 20. Hizo zipe hadi miezi miwili kabla ya kuhukumu. No. 4 ni duara ya 42, zitawahi. Bonyeza taratibu kwa vidole viwili katikati: inatakiwa ikubali kidogo na kurudi bila sauti. Ikikubali na kubaki na shimo, imelowa. Mbili zilizopasuka zivute mwanzo, hazitapona.

Kosa ambalo watu wanalifanya baada ya kununua kontena ni kufungua kila jioni kuangalia. Mwezi wa kwanza fungua mara moja kwa wiki, dakika tano, baadaye mara moja kwa mwezi. Cha dijitali nacho ongezea 1 unaposoma.

Mzee_Themi

Kwa kulaza, sikilizeni. Siga ya Kuba ikitoka kwa mviringishaji bado inachacha, ina harufu ya amonia, kama mkojo wa ng'ombe wa jana. Watu wanaiita kipindi cha ugonjwa, kinaweza kuchukua miezi kadhaa hadi mwaka na zaidi. Yako ya ABR 22 na NOV 21 yameshavuka. Huo muhuri ni mwezi na mwaka wa kufungwa boksi kwa Kihispania: ENE ni Januari, ABR Aprili, AGO Agosti, DIC Desemba. Mwaka wa boksi ndio unaoanzia kuhesabu, siyo siku uliyoinunua.

Miaka mitano kwa zote siyo sawa. Montecristo No. 4 ni ya wastani. Mitatu hadi mitano tangu muhuri inakuwa imelainika, kakao na mbao vinaonekana, ukali wa koo umeondoka. Yako imeshaingia humo. Partagás Serie D ina nguvu, ivumilie mitano hadi minane. Bolívar na Ramón Allones zinavumilia kumi. Hoyo de Monterrey ni nyepesi, ukizipitiliza zinabaki kama chai iliyochujwa mara ya tatu. Kulaza hakuongezi nguvu, kunapunguza, kwa hiyo siga iliyoanza dhaifu haina akiba ya kupunguza.

Usingoje mpaka mwisho. Toa moja kila miezi sita kutoka kila boksi, andika tarehe na ladha kwenye daftari. Ladha ikianza kushuka mara mbili mfululizo, vuta zilizobaki. Na baridi kidogo inachelewesha ukomavu lakini inaleta harufu nyingi zaidi. Nyuzi 18 mimi naona ndipo penyewe.

Jingine: maboksi yale ya Cohiba yenye mfuniko wa kioo wanayouziwa wageni, msiyalaze. Kuba haitengenezi boksi la Cohiba la namna hiyo. Ukiyahifadhi miaka kumi yatakuwa bandia ya miaka kumi.

Kisongo78

Asanteni sana wote. La mwisho: siku ya kuvuta, naitoa tu kontenani na kuwasha? Na zile za kwenye kibomba cha aluminiamu?

ShantyTown_Moshi

Ukiwa kwenye 65, itoe siku moja kabla, iweke ndani ya boksi tupu la mbao bila pakiti. Njia ya moshi inafunguka. Kiangazi cha kwenu saa 24 zinatosha, ukiiacha siku tatu Julai inarudi kulia. Huku Moshi wakati wa masika tunaacha hata siku tatu na haiendi popote.

Kibomba legeza mfuniko nusu mzunguko, kilaze kontenani hivyo hivyo. Kikifungwa kabisa siga haipati unyevu wa pakiti, na ikikauka humo hutajua mpaka uifungue.

MbaoUngaLtd

Lile sanduku usilitupe mkuu. Lete kwangu mtaa wa Unga Ltd nikubadilishie mpira wa nyuma na kuziba tundu la mshale, utawekea zile kumi za karibu.